TWENDE KARIAKOO KUNUNUA ZAWADI ZA NOELI

Majilio yakifika, maneno katika nyumba za vijijini huwa ni yale yale. Watoto wanauliza nguo yao mpya itakuwa ya rangi gani. Mama anahesabu vikombe na sahani, maana wageni watakuja. Baba anakaa kimya, kwa kuwa anajua kiasi cha fedha ya ufuta kilichobaki, na anajua pia kwamba nyuma ya Noeli iko Januari, na Januari haina huruma kwa mtu yeyote.

Ndipo mtu mmoja anasema, “Twende Dar es Salaam, twende Kariakoo. Huko vitu ni rahisi.”

Ni kweli kwamba Kariakoo vitu ni rahisi. Bidhaa nyingi zinazoshuka bandarini hufika pale kwanza, ndipo zitawanyike nchini. Wenye maduka wa Songea, wa Tabora na wa Morogoro hununua pale. Hata wafanyabiashara wa Zambia, Malawi, Komoro na Kongo huja pale na kurudi na mizigo mikubwa. Basi bei unayoikuta dukani karibu na kijiji chako ni bei ya Kariakoo iliyoongezwa nauli, ushuru na faida ya watu wawili au watatu. Lakini je, ukienda mwenyewe, hiyo nauli nani atailipa? Ni wewe. Hili wengi hulisahau mpaka wamerudi.

Tufanye hesabu pamoja. Sisi wa upande wa Morogoro tunayo treni ya umeme. Ilipoanza mwaka 2024, nauli ya daraja la kawaida kati ya Dar es Salaam na Morogoro ilikuwa shilingi 13,000. Kabla ya kusafiri uliza kama imebadilika. Kwenda na kurudi ni 26,000. Tuseme kutoka kijijini mpaka Morogoro mjini na kurudi unatumia 10,000, na chakula na daladala unatumia 10,000 nyingine. Hizo ni 46,000, na bado hujanunua hata leso. Ukienda na mkeo, ni 92,000. Mtu mwenye fedha ya kununua gauni mbili na jozi mbili za viatu asiende Dar es Salaam. Anunue Morogoro, au Kilosa, au gulioni, na abaki na fedha yake.

Lakini familia nane za jumuiya moja zikiungana na kuwatuma watu wawili, ile 92,000 inagawanyika, kila nyumba 11,500. Tena watu hao wakinunua kwa familia nane watanunua kwa dazeni, maana maduka mengi ya Kariakoo yana bei mbili, ya jumla na ya rejareja. Tuseme gauni ya mtoto ni 15,000 ukinunua moja, na dazeni ni 132,000. Katika dazeni kila gauni imekuwa 11,000. Katika gauni kumi na mbili mmeokoa 48,000, yaani zaidi ya nusu ya nauli ya wale wajumbe wawili imekwisha kurudi kwa gauni peke yake. Mabinti watafanana siku ya Noeli kama wanakwaya, ni kweli. Sioni ubaya wowote. Watapendeza.

Wajumbe hao wawe nani? Mimi nasema mmoja awe mwanamke, na mwanamke huyo awe mzazi. Sababu yangu nitaieleza kwa habari ya mkulima mmoja ambaye simtaji, kwa kuwa gazeti hili hulisoma.

Mkulima huyo alipata ufuta mzuri. Mkewe ndiye aliyepalilia sehemu kubwa ya shamba lile, tena akiwa na mtoto mgongoni. Tarehe 22 ya Desemba bwana alitia shilingi 600,000 mfukoni, akaenda mjini peke yake, akisema kwamba safari za mjini si za wanawake. Alirudi tarehe 24 jioni na redio kubwa yenye spika mbili zilizofika kiunoni. Watoto aliwaletea nguo, lakini zote ndogo, maana aliwapima kwa kukumbuka, na baba wengi huwakumbuka watoto wao jinsi walivyokuwa mwaka juzi. Mkewe hakuletewa kitu. Alisema fedha ilikwisha.

Noeli ile nyumba yake ilisikika mpaka ng’ambo ya mto. Watu walikuja, wakasifu, wakala. Kisha shule zikakaribia kufunguliwa. Binti yake mkubwa alikuwa amechaguliwa kuingia kidato cha kwanza, katika shule ya mbali yenye bweni. Ada ya shule za sekondari za serikali mpaka kidato cha nne imefutwa tangu mwaka 2016, na kwa hilo wengi hudhani hakuna cha kulipa tena. Lakini godoro halikufutwa, wala viatu, sare, ndoo, madaftari na nauli. Baba huyo alikuja ofisini kwetu parokiani kuomba barua ya msaada. Karani wa parokia huona mengi mwezi wa Januari, msomaji wangu. Wanaokuja si maskini peke yao. Wengine ni watu waliokuwa na fedha majuma matatu tu yaliyopita.

Redio iliuzwa kwa nusu ya bei, kwa dereva wa lori. Binti alifika shuleni amechelewa siku kumi na mbili. Mama hakusema neno. Lakini mwaka uliofuata, fedha ya ufuta ilipoingia, alishika fungu la shule akalipeleka mwenyewe kwa katibu wa kikundi chao cha kuweka na kukopa, na Desemba ilipofika alikwenda Kariakoo pamoja na mumewe. Na mume hakukataa. Mpaka leo hawaendi mbalimbali.

Kwa hiyo kabla ya safari, kaeni wote wawili na mtenge fedha ya Januari kwanza: ya shule, ya mbegu, na kidogo ya ugonjwa. Hiyo isipande treni. Iacheni kijijini au iwekeni mahali ambapo haitolewi kwa siku moja. Kinachobaki ndicho cha Noeli, hata kama ni kidogo.

Halafu pimeni watoto. Bibi zetu walikuwa na njia nzuri: mtoto anasimama juu ya ardhi, unakata kijiti sawasawa na urefu wa unyayo wake, kuanzia kisigino mpaka ncha ya kidole kirefu, unakifunga uzi wenye rangi yake. Dukani unakitia kijiti ndani ya kiatu. Kikiingia na kubaki nafasi ya upana wa kidole, kiatu hicho kitamfaa mpaka mwaka ujao. Kikigusa mbele na nyuma, kirudishe, hata muuzaji akiapa kwamba ngozi itapanuka. Kwa nguo chukua uzi, upime bega kwa bega, na toka bega mpaka goti. Andika kila kipimo katika daftari pamoja na jina. Familia nane zina watoto wengi, na kichwa cha mtu katika Mtaa wa Kongo hakikumbuki kitu.

Kama mtalala kwa ndugu, msiende mikono mitupu. Huyo ndugu yenu wa mjini hununua kila kitu, hata mchicha. Kuku mmoja, maharage, mahindi mabichi kama yapo, au ndizi, vitamfurahisha kuliko mnavyodhani. Na msikae siku nyingi. Nyumba za mjini ni chumba na sebule, na ile methali ya mgeni na jembe haitumiki huko, kwa sababu jembe hakuna.

Sasa safari yenyewe. Reli ya zamani kutoka Dar es Salaam mpaka Morogoro ilijengwa na Wajerumani kati ya mwaka 1905 na 1907, ikafika Kigoma mwaka 1914. Wazee wetu waliliita gari la moshi. Hili jipya halina moshi. Lilianza kubeba abiria mpaka Morogoro tarehe 14 Juni 2024, na tarehe 25 Julai mwaka ule ule likaanza kwenda Dodoma. Kata tiketi mapema, maana katika siku za Noeli viti hujaa. Ukienda kwa basi, utashuka kituo kikubwa cha Mbezi Luis, kilichofunguliwa mwaka 2021 badala ya kile cha Ubungo; kutoka huko mpaka Kariakoo bado ni mwendo mrefu, basi uutie katika hesabu yako ya saa. Tiketi ya basi inunuliwe katika ofisi ya kampuni au kwa njia yake ya simu. Wapiga debe wa Desemba wana tiketi za mabasi ambayo hayapo.

Tena uchague siku. Nenda kabla ya tarehe 15 ya Desemba, siku ya katikati ya juma, na uwe Kariakoo asubuhi saa mbili. Baada ya tarehe 20 ni taabu tupu. Mji wote unasafiri: Wachaga wanakwenda Kilimanjaro kwa maelfu, mabasi yanajaa, na wenye maduka hawana muda tena wa kupunguza bei, kwa kuwa usipochukua wewe atachukua aliye nyuma yako.

Ukifika, simama kidogo uangalie mahali hapo. Jina Kariakoo limetokana na maneno ya Kiingereza Carrier Corps, maana yake kikosi cha wachukuzi. Katika Vita Kuu ya Kwanza Waafrika wengi sana walichukuliwa kubebea majeshi chakula na risasi, kwa kichwa na kwa bega, porini na mabondeni, na makumi ya maelfu kati yao walikufa kwa njaa, kwa kuhara na kwa homa. Waingereza walipoushika mji, kikosi hicho kiliwekwa pale, na jina likabaki. Babu wa babu zetu wengine walikuwa miongoni mwao. Mimi kila ninapomwona mchukuzi wa Kariakoo akipita na marobota kichwani huku akipiga kelele watu wampishe, huwakumbuka wale wa zamani.

Jengo la soko lenyewe, lenye paa kama miavuli mikubwa iliyogeuzwa, lilichorwa na Mtanzania, Beda Amuli, likafunguliwa mwaka 1975. Usiku wa tarehe 10 Julai 2021 liliungua moto, na mali ya wengi ikateketea. Baadaye ilianza kazi ya kulitengeneza na kujenga jipya kando yake. Tarehe 16 Novemba 2024 ghorofa moja la maduka katika eneo hilo lilianguka asubuhi, watu zaidi ya 20 wakafa. Mwenyezi Mungu awape raha ya milele. Ninalitaja kwa sababu wengi tukiwa mjini huona ghorofa na kudhani kwamba kila kilicho kirefu ni imara. Usikawie katika vyumba vya chini vyenye kuta zinazopasuka, wala mahali ambapo ujenzi unaendelea juu ya kichwa chako.

Lakini biashara nyingi haimo ndani ya soko, imo mitaani. Kuna Mtaa wa Msimbazi na Mtaa wa Kongo, kuna Mkunguni, Swahili, Aggrey, Nyamwezi na Narung’ombe, na uko mtaa unaoitwa Sikukuu, ambao jina lake lawafaa kabisa watu wa safari yetu. Siku ya kwanza, au walau saa mbili za kwanza, msinunue kitu. Tembeeni, ulizeni, andikeni bei. Duka la tatu litawaambia bei ya kweli ya duka la kwanza. Na bei ya kwanza unayotajiwa si bei. Ni salamu tu. Jibu kwa heshima, cheka kidogo, taja yako, na ukiona hashuki, ondoka polepole. Mara nyingi utaitwa.

Nguo. Kitenge kiangalie pande zote mbili. Kizuri rangi yake imepenya mpaka nyuma. Lowesha pembe ya leso nyeupe, sugua juu ya kitambaa; leso ikitoka nyekundu, jua kwamba siku ya kufua nguo zote za nyumbani zitakuwa nyekundu. Kanga huuzwa kwa doti, nayo ni vipande viwili. Na tafadhali, soma maneno yaliyoandikwa juu yake kabla ya kulipa! Bwana mmoja alimnunulia mama mkwe wake kanga nzuri ya njano kwa kupenda maua yake. Maneno yalikuwa ya kumsuta jirani mwenye wivu. Mama mkwe alijua kusoma. Mpaka Pasaka walikuwa bado wanapatanishwa.

Viatu vya watoto vikunje katikati. Gundi mbaya itaachia hapo hapo. Soli iliyoshonwa ni bora kuliko iliyobandikwa. Na kama mtoto ana shule Januari, kwa nini umnunulie viatu vyeupe vyenye taa zinazowaka? Mnunulie vyeusi vizuri vya shule, avivae kwanza siku ya Noeli. Atanuna saa moja, kisha atavaa miezi kumi.

Msione haya juu ya mitumba. Soko la Karume pale Ilala ni maarufu kwa nguo za mitumba. Nalo liliungua mwezi wa Januari mwaka 2022. Koti la mtumba lililofuliwa kwa maji ya moto na kupigwa pasi huweza kuishi miaka mitano, wakati suti mpya ya bei rahisi huanza kufumuka kwenye mabega siku inayofuata Noeli, yaani tarehe 26. Mtoto Yesu mwenyewe alivikwa nguo za kitoto tu, na Injili haisemi kama zilikuwa mpya.

Chakula msinunue, isipokuwa kile ambacho kwetu hakipatikani. Nimewaona kwa macho yangu watu wa upande wa Kilombero wakitoka Kariakoo na kiroba cha mchele. Nilipousoma ule mfuko, ulikuwa umeandikwa mchele wa Kilombero! Mchele umepanda gari kwenda mjini, umenunuliwa kwa bei ya mjini, na sasa unarudi kwao kwa nauli. Viungo vya pilau, zabibu kavu, mafuta kwa dumu kama mnagawana, hivyo sawa. Mchele hapana.

Juu ya vitu vya kuchezea sina maneno mengi. Mwanasesere mwenye nguo iliyoshonwa ni zawadi nzuri. Mpira wa ngozi kwa wavulana wa nyumba tatu ni bora kuliko mipira mitatu ya plastiki. Vile vigari vya betri hufa kabla ya Mwaka Mpya, na vingine vina vipande vidogo ambavyo mtoto mchanga huvimeza. Kijana mkubwa anayejua kutengeneza gari la waya amtengenezee mdogo wake. Apewe waya na mume wa dada yake, na iwe zawadi ya wote watatu. Miti ya Noeli ya plastiki iacheni dukani. Kwetu uko mkrismasi, unaowaka maua mekundu mwezi wenyewe wa Desemba bila betri.

Sasa nisikilizeni vizuri juu ya fedha. Msiende na noti nyingi mfukoni. Wekeni katika simu, na mlipe kwa namba ya biashara pale inapowezekana, lakini someni jina linalotokea kabla ya kubonyeza. Noti chache za kutumia zigawanywe kwa wajumbe wawili. Pindo la kanga la mama zetu bado ni benki nzuri, mwizi wa Kariakoo analiogopa kuliko mfuko wa suruali. Ukipata ujumbe usemao, “Ile fedha itume kwenye namba hii,” usitume. Mpigie mtu unayemjua usikie sauti yake. Namba yako ya siri hata mtu wa kampuni ya simu hana haki ya kuiuliza.

Kijana mmoja wa kwaya yetu alitaka kumletea mama yake simu. Mtu aliyesimama kando ya njia alimwonyesha simu nzuri, inawaka, inapiga picha, kwa bei ya nusu. Walikubaliana. Muuzaji akaitia ndani ya boksi mbele ya macho yake, akafunga kwa gundi ya karatasi, akamwambia, “Usifungue hapa, askari wanakuja.” Kijana alifungua akiwa ndani ya treni, karibu na Ruvu. Ndani ya boksi mlikuwa na kipande cha sabuni ya kufulia, kimekatwa vizuri kwa kipimo cha simu. Fedha ile ilikuwa ya miezi minne ya kufyatua tofali. Mama yake alipoipata habari alilia, kisha akaifulia ile sabuni, maana afanyeje? Simu inunuliwe dukani, mwenye duka aitie laini yako ndani yake ukiona, akupe risiti ya mashine. Risiti si adabu ya matajiri. Sheria inamtaka muuzaji aitoe na mnunuzi aidai, na bila hiyo huna pa kurudi.

Katika madirisha ya maduka utamwona mzee wa plastiki mwenye ndevu nyeupe na kofia nyekundu, anatingisha kiuno kwa muziki. Watoto wakikuuliza ni nani, usiwaambie ni mzungu wa theluji. Jina lake limetokana na Mtakatifu Nikolasi, Askofu wa Mira, katika nchi ambayo leo ni Uturuki, aliyeishi karne ya nne. Sikukuu yake ni tarehe 6 Desemba. Inasimuliwa kwamba alikuwapo baba mmoja maskini mwenye binti watatu, naye hakuwa na mahari ya kuwaozea kama ilivyokuwa desturi ya huko, hata hatari ikawa wataangukia maisha mabaya. Nikolasi alikwenda usiku, akatupia mfuko wa dhahabu ndani ya nyumba, akaondoka kabla hajajulikana. Akafanya hivyo kwa kila binti. Waholanzi walimwita Sinterklaas, na kutokana na hilo Wamarekani wakapata Santa Claus wao. Wengi wameichukua kofia wakamwacha askofu.

Nakumbusha habari hii kwa ajili ya daftari lenu la safari. Mkiandika majina ya watoto wa familia nane, andikeni na la tisa. Katika kila jumuiya iko nyumba ambayo haikuchanga ile 11,500, si kwa ubishi, ila kwa sababu haina. Pengine ni mjane, pengine ni bibi anayelea wajukuu wanne. Katika dazeni ya gauni kuna hesabu inayobaki: mabinti kumi, gauni kumi na mbili. Hizo mbili zisiuzwe. Bibi mmoja wa kwetu alipoulizwa anataka aletewe nini kutoka Dar es Salaam alisema hataki nguo, anataka kitabu cha nyimbo chenye herufi kubwa, kwa kuwa mwaka mzima amekuwa akiimba kwa kubahatisha. Wajumbe walikitafuta katika maduka ya vitabu vya Kanisa, wakakipata. Kumbe kilikuwa cha bei ndogo kuliko leso za wengine. Ulizeni kwanza, msikisie.

Na zawadi hiyo ipelekwe jioni, kimya, na mtu mmoja. Nimeshaona zawadi za maskini zikitolewa mbele ya kanisa kwa kuita majina na kupiga makofi. Watoto wale walikwenda mbele wameinamisha vichwa. Siku hiyo hata mimi nilitamani kutoka nje.

Kama safari itawakuta na Jumapili, Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu liko karibu na bandari, si mbali na stesheni. Lilijengwa na wamisionari Wabenediktini kati ya mwaka 1897 na 1902, na aliyetoka kijijini atafurahi kuliona. Ila mizigo iacheni kwa mwenyeji wenu.

Kurudi kunataka akili kuliko kwenda. Fungeni vitu vya kila familia peke yake, na juu yake karatasi yenye jina na hesabu: kilichotumwa, kilichonunuliwa, chenji. Ulizeni mapema kiasi cha mzigo kinachoruhusiwa katika treni, kwa sababu treni ya umeme si lori, na marobota makubwa mtaambiwa myapeleke kwa njia nyingine. Mchukuzi mpatane naye bei kabla hajainua, na mmoja wenu atembee nyuma yake, si mbele. Mkifika kijijini, msifungue njiani hata watoto wakilia. Kusanyikeni nyumba moja, wazazi peke yao, msome daftari mbele ya wote na kila mmoja apokee chake na chenji yake, hata ikiwa ni shilingi mia mbili. Jumuiya nyingi huvunjika kwa chenji ndogo.

Vitambaa vya kushona vifike kwa fundi cherehani kabla ya tarehe 12. Baada ya hapo atasema ndiyo kwa kila mtu, na usiku wa tarehe 24 utamkuta amezungukwa na akina mama kumi na watano, taa inazimika, na gauni ya mwanao ina mkono mmoja.